Upande wa Pili wa Karatasi

Kila siku nyumbani kwa akina Kija, mjini Bariadi, kelele zilianza kabla ya chai. Bibi Felisita, mama mzazi wa baba yake Kija, aliamka na jogoo wa kwanza, akakohoa mara mbili, kisha akaita.

"Kija!"

"Abee, bibi!"

"Umeshachota maji?"

"Tayari, bibi!"

"Na uani umefagia?"

"Tayari!"

Tayari wapi! Ndoo zilikuwa tupu, zimepinduliwa palepale zilipoachwa jana, na ufagio haujaguswa. Kija mwenyewe alikuwa bado anatafuta kandambili ya pili chini ya kitanda. Bibi alipotoka kuhakikisha, mjukuu alikuwa ameshatimua mbio kwenda bombani, na majani ya mwarobaini yametapakaa uani kama kawaida.

"Huyu mtoto atanitoa roho," bibi alisema. Aliwaambia kuku, maana hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

Sasa mtu ufanye nini na mtoto wa namna hiyo? Mvivu hakuwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, msomaji hodari, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alitangaza kazi imekwisha kabla hajaianza, kisha akakimbia kuifanya. Mara nyingi aliwahi. Na kwa sababu mara nyingi aliwahi, alijiona mjanja. Alidhani uongo unaowahiwa si uongo.

Ilikuwa mwezi wa saba, pamba imeshavunwa na watu wana nafasi. Jumatano hiyo Mwalimu Elina, mwalimu wake wa darasa, alimwita ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kija, Jumamosi mchana tutapata wageni. Watoto kumi na wawili kutoka Burundi, wakimbizi wanaoishi kambini huko Kigoma. Parokia imewaalika waje kutuonyesha mchezo wao wa kuigiza, hapahapa uwanjani. Nimekuchagua wewe uwatambulishe."

Kija alivimba kwa furaha hadi vifungo vya shati vikamlalamikia. Mwalimu alimpa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Ilikuwa ya Mwalimu Marcelo, kiongozi wa watoto hao, ambaye naye ni mkimbizi.

"Isome yote," Mwalimu Elina alisema. "Kisha uyaweke maneno haya kwa Kisukuma. Wazazi wengi watatoka vijijini, wazee hasa, na wanaelewa Kisukuma vizuri zaidi kuliko Kiswahili. Una bibi nyumbani, mwombe akusaidie. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Hapo kwenye Kisukuma ndipo palipokuwa na kidonda. Kija alizaliwa mjini na kukulia mjini, na Kisukuma chake kilitosha kuitikia salamu na kuombea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, basi. Kila alipojaribu kupita hapo, Bibi Felisita alicheka mpaka machozi yakamtoka, akimwambia, "We mtoto, unaongea kama Mhindi wa dukani!" Bibi hakuwa na nia mbaya, lakini Kija aliona aibu. Kwa hiyo Jumatano hakumwomba. Alhamisi hakumwomba. Karatasi aliisoma mara moja, upande wa mbele tu, akaikunja na kuichomeka kwenye daftari la Hisabati. Kuigeuza, hakuigeuza.

Ijumaa Mwalimu Elina alimsimamisha mlangoni.

"Kija, karatasi umeisoma yote?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na Kisukuma?"

"Tayari, mwalimu. Bibi amenisaidia."

Uongo mara mbili kwa pumzi moja, na uso mkavu kabisa! Mwalimu alimpigapiga begani, akaridhika, akaenda zake.

Jumamosi uwanja ulifurika. Waliotoka sokoni walikuja na vikapu vyao, waliouza pamba walikuja na baiskeli zao, na wazee walikuja na fimbo zao. Tatizo lilianzia kwenye tangazo. Mtu wa parokia alikuwa amezunguka na spika kwenye pikipiki akitangaza, "Watoto wageni watacheza! Jumamosi, uwanja wa shule, njooni muone wakicheza!" Sasa jiulize mwenyewe. Ukimwambia Msukuma mwezi wa saba kwamba wageni wanakuja kucheza, yeye atafikiria nini? Atafikiria ngoma. Na ngoma za msimu huo ni mashindano. Makundi mawili huingia uwanja mmoja, kila moja na upande wake, yakaanza kwa wakati mmoja. Hakuna anayepiga kura kwa karatasi. Watu hupiga kura kwa miguu: kundi likikukonga moyo, unahamia kwake, na kundi linalobaki bila watazamaji limeshindwa, nalo huzomewa.

Mbele kabisa alisimama Mzee Masunga wa kijiji cha Shishiyu, ambaye hajawahi kukosa mashindano ya ngoma tangu apate akili. Kofia ameivuta nyuma, fimbo ameiweka begani.

"Makundi mangapi?" alimwuliza jirani yake.

"Sijui. Tutasikia."

Uwanjani walikuwa wametandaza kamba ya katani katikati, ikaugawa uwanja mara mbili. Kushoto paliwekwa mafiga matatu, chungu na kigoda. Kulia paliwekwa turubai, foleni ya mabakuli, mpira wa makaratasi na ngoma mbili. Mwalimu Marcelo, mwembamba, mpole, alikuwa nyuma ya pazia la kanga akiwapanga watoto. Mwalimu Elina naye alikuwa jikoni akipambana na wapishi walioacha wali wa wageni uungue. Kwa hiyo Kija alipokabidhiwa kipaza sauti, hapakuwa na wa kumkagua.

Alifungua karatasi, akasoma kwa ile sauti yake nzuri:

"Wazazi wetu, walimu wetu na wanafunzi wenzetu, tunawashukuru kwa kutupokea. Sisi ni watoto kutoka Burundi, tunaishi kambini mkoani Kigoma. Leo tutawachezea mchezo tulioutunga wenyewe. Mtaona makundi mawili, kila moja upande wake wa uwanja, nayo yatacheza kwa wakati mmoja."

Hapo ukurasa ukaisha. Kipaza sauti kilipiga mluzi, watu wakaziba masikio. Kija aliona aibu, akasema, "Mwadila!" ambayo ndiyo salamu ya mchana, watu wote wakaitikia kwa kishindo, naye akarudisha kipaza sauti. Kisukuma kikaishia hapo.

"Makundi mawili!" Mzee Masunga alifurahi. "Basi ni mashindano!"

Mchezo ukaanza. Kushoto aliingia mtoto mmoja tu, msichana wa miaka tisa aitwaye Specioza, amejifunga kanga kama bibi kizee, mgongo umepinda. Aliketi kwenye kigoda, akakoroga chungu, akanyanyua kichwa na kuita taratibu, "Kristofa! Athanasi! Njooni mle!"

Kulia waliingia watoto kumi na mmoja kwa pamoja. Ngoma zikalia. Wakafukuzana na mpira, wakasukumana kwenye foleni ya uji, wakacheza kwa kuruka, miguu ikitimua vumbi. Sasa kushoto bibi na chungu, kulia ngoma na vumbi. Wewe ungekwenda wapi?

Mzee Masunga hakusita. Alinyanyua fimbo, akakata uwanja, akahamia kulia. Nyuma yake wakafuata wenye baiskeli, wenye vikapu, wanafunzi, kila mtu. Akina mama walipiga vigelegele. Kijana mmoja aliingia katikati akabandika noti kwenye paji la uso la mpiga ngoma. Watoto wageni walitazamana, hawajui wafanye nini, wakaendelea kupiga.

"Nyie! Rudini!" Kija alipiga kelele. "Jamani, mnakwenda wapi? Kaeni chini!" Hakuna aliyemsikia. Alimvuta mama mmoja upindo wa kanga, mama akamwondoa mkono kama anayefukuza nzi. Alijaribu kuwazuia wanafunzi wenzake wa darasa la sita, nao wakamzunguka pande zote mbili, wakapita. Alikasirika mpaka akapiga mguu chini. Watu gani hawa wasioelewa! Mchezo wa kuigiza hawaujui? Lazima kila kitu kiwe mashindano?

Upande wa kushoto pakabaki patupu. Specioza aliendelea kukoroga chungu mbele ya hewa. "Anna!" aliita, sauti imeanza kutetemeka. "Anna, njoo ule!"

"Huyo ameshindwa!" mtu alipayuka kutoka kulia. "Bibi ameshindwa!"

"Ameshindwa! Ameshindwa!" wakadakia wanafunzi, wakicheka, wakimzomea kama wanavyozomea kundi la ngoma lililokimbiwa.

Specioza aliwatazama. Alifungua kinywa kuita tena, kikabaki wazi, hakikutoa kitu. Aliweka mwiko chini, akasimama, akaenda nyuma ya basi dogo la parokia. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine. Uwanjani watu wakaanza kubishana kama ushindi ni halali, kwa kuwa kundi la kulia lilikuwa na wachezaji wengi mno.

Nyuma ya basi Specioza alikuwa ameketi chini, kanga ameivuta hadi kichwani. Mwalimu Marcelo alikuwa amechuchumaa kando yake. Mwalimu Elina alifika mbio kutoka jikoni, mikono ina masizi, na Kija akawafuata.

"Specioza, mwanangu, zungumza nami," Mwalimu Marcelo alisema.

"Wamesema nimeshindwa," mtoto alijibu chini ya kanga. Baada ya hapo hakusema kitu tena. Mwalimu Marcelo alimwuliza hili na lile, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Kimya.

Mwalimu Marcelo alisimama, akajifuta uso.

"Naogopa," alimwambia Mwalimu Elina. "Mtoto huyu alipofika kambini, alikaa miezi mitano bila kusema neno. Tulidhani ni bubu. Bibi yake aliyemlea hakuwa na nguvu za kutembea, kwa hiyo wajukuu walipokimbia walimwacha nyumbani, na mpaka leo hatujapata habari zake. Siku moja kwenye mazoezi ya mchezo alivaa kanga, akakaa, akaanza kuita majina kama bibi alivyokuwa akiwaita wajukuu wakati wa kula. Kristofa na Athanasi ni kaka zake. Anna ni dada yake. Na jina la mwisho bibi alilokuwa akiita ni la huyu mwenyewe, Specioza. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. Leo hakulifikia jina la mwisho. Akifunga mdomo tena, sijui kama nitaweza kuufungua."



"Hawa watu wetu!" Mwalimu Elina alipandisha sauti. Kama kuna mtu aliyekuwa amechoka na Bariadi nzima saa hiyo, ni yeye. "Wameambiwa waziwazi, kwa lugha mbili, na bado wanafanya vilevile! Masikio wameyaacha nyumbani?"

"Hapana, mwalimu, usiwalaumu," Mwalimu Marcelo alisema. "Kosa ni langu. Nilieleza vibaya kwenye karatasi. Kiswahili changu si kizuri."

"Au ni kile kipaza sauti. Kilipiga mluzi, nimekisikia hadi jikoni."

Angalieni mambo hayo. Mwalimu Elina analaumu watu. Mwalimu Marcelo anajilaumu mwenyewe. Kipaza sauti, chuma kisicho na mdomo wa kujitetea, nacho kimeshapewa lawama. Hata Specioza pale chini alijiona ndiye mwenye kosa, ati ameshindwa. Kila mmoja alikuwa na fungu lake isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amesimama akishika karatasi.

Kija aliigeuza. Ndiyo kwanza anauona upande wa pili. Uliandikwa hivi: "Lakini makundi haya hayashindani. Ni familia moja iliyotenganishwa. Upande mmoja ni bibi aliyebaki nyumbani, upande mwingine ni wajukuu waliokimbia. Tunawaomba msihame mlipo, msikilize pande zote mbili." Chini yake, kwa kalamu nyekundu ya Mwalimu Elina: "Sema haya kwa Kisukuma, polepole, mara mbili. Tunawajua watu wetu."

Angeweza kunyamaza. Kipaza sauti kilikuwa kimemwokoa bila kuombwa, na nani angejua? Alimtazama Specioza chini ya ile kanga. Miguu midogo, ina vumbi hadi magotini.

"Sikusoma," alisema.

"Unasemaje?" Mwalimu Elina aligeuka.

"Sikusoma upande wa nyuma, mwalimu. Nilidhani maneno yameishia mbele. Na Kisukuma sikufanya. Bibi hakunisaidia, wala sikumwomba. Nilikudanganya."

Mwalimu Elina alifunga macho. Aliyafunga muda mrefu hadi Kija akadhani hatayafungua. Alipoyafungua, hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mwambie yeye," alisema, akionyesha chini. "Mimi na wewe tutaonana baadaye."

Kija alichuchumaa vumbini.

"Specioza, hujashindwa. Huku kwetu makundi mawili yakicheza pamoja watu wanadhani ni mashindano. Mimi nilitakiwa kuwaambia kwamba si mashindano, na sikuwaambia. Mimi ndiye niliyewafanya wakukimbie. Nisamehe."

Kanga haikutikisika.

"Nitakwenda kuwaambia sasa hivi. Ukitaka, kaa hapa usikilize. Usipotaka kurudi, basi usirudi."

Alitoka nyuma ya basi, akachukua kipaza sauti. Watu walikuwa bado wanabishana, Mzee Masunga akipiga fimbo chini kwamba kumi na mmoja kwa mmoja si haki.

"Wazazi wangu," Kija alisema, "naomba mnisikilize. Nimewakosea. Nilipewa karatasi hii Jumatano, nikaambiwa niisome yote, nikasoma nusu. Nikamdanganya mwalimu. Hawa hawashindani. Ni familia moja." Akasoma upande wa pili, wote, kwa Kiswahili. Kisha akavuta pumzi, akaanza Kisukuma.

Loo, Kisukuma kile! Maneno yaligongana kama ng'ombe mlangoni pa zizi. Alipofika pa kuwaomba watu waketi, alikosea, akawaamuru walale. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kija aliona mashavu yanawaka moto, lakini hakuweka kipaza sauti chini.

"Si kulala, we mtoto!" sauti ilitoka katikati ya watu. Alikuwa Bibi Felisita, akijipenyeza kwa viwiko, amekasirika kweli. "Watu wazima walale mchana kwenye vumbi? Siku zote tatu umekaa nami nyumba moja, umeshindwa kuniuliza?"

"Nilikuwa naona aibu, bibi. Unanicheka."

Bibi alijipenyeza hadi mbele. Alisimama kando ya mjukuu wake, mkono kiunoni.

"Haya, sema. Mimi nitarekebisha."

Wakasema hivyo, sentensi kwa sentensi. Kija alisema kwa Kisukuma chake kibovu, na bibi alirudia kwa kile chenyewe, polepole, mara mbili. Walipofika kwa bibi aliyebaki nyumbani kwa kukosa nguvu za kutembea, kicheko kilikuwa kimekwisha. Mzee Masunga alivua kofia.

"Kumbe ni kaya moja," alisema. "Na sisi tumemkimbia mwenye kaya!" Akawageukia wenzake kwa ukali, kana kwamba si yeye aliyewaongoza. "Rudini! Rudini katikati, nyie watu msio na adabu!"

Watu walirudi, wakaketi kando ya kamba, wengine huku, wengine kule. Walingoja. Mwalimu Marcelo alichungulia nyuma ya basi. Muda ukapita, na Kija akaanza kuomba kimoyomoyo.

Specioza akatokea. Alitembea hadi kwenye kigoda bila kumtazama mtu, akaketi, akashika mwiko. Kulia ngoma zikaanza tena, na safari hii hakuna mguu uliohama. Watoto walipiga mpira, wakasukumana kwenye foleni, kisha mdogo wao akasimama ghafla na kusema, "Mmesikia? Kama bibi anaita." Wengine wakamjibu, "Ni upepo tu." Watu sasa waliyasikia maneno hayo, na mama mmoja akaguna.

"Kristofa!" Specioza aliita. "Athanasi! Anna! Njooni mle!"

Kulia ngoma zilinyamaza kabisa, kama walivyofanya mazoezi. Bibi kizee alitazama chungu chake, akatazama njia.

"Specioza!" aliita.

Kwenye mchezo hakuna anayejibu hapo. Bibi anaita, kimya kinajibu, na mchezo unakwisha. Lakini Mzee Masunga hakuwa mtu wa kuvumilia jambo kama hilo.

"Yupo, mayu!" alinguruma, amesimama. Mayu ni mama, na wazee humwita hivyo mwanamke wanayemheshimu. "Yupo huku, mzima! Wote wapo!"

"Nyamaza, mzee!" Kija alinong'ona kwa hasira. Si amewaambia wasikilize, kwa lugha mbili, mara mbili? Hawa watu hawafundishiki! Lakini akina mama nao walishapokea. "Wapo, mayu! Wapo! Wanakula! Wanasoma!" Bibi Felisita alikuwa akipiga kelele kuliko wote, akimwambia mtoto wa miaka tisa aliyejifunga kanga, "Yupo, dada yangu, Specioza wako yupo, usiogope!"

Specioza aliduwaa. Alimtazama Mwalimu Marcelo, naye alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mtoto akanyoosha mgongo. Alivua kanga, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kigoda. Akavuka kamba, akaenda kusimama na wenzake upande wa kulia, akageuka kukitazama kile kigoda.

"Nipo, bibi," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Nipo."

Watu walilia. Mzee Masunga alilia waziwazi, akijipangusa kwa kofia na kumlaumu mpishi kwa moshi.

Baadaye wageni walipokuwa wanakula wali, ule usioungua, Mwalimu Elina alimwita Kija pembeni, karibu na ukuta wa darasa. Bibi Felisita naye alikuja, maana hakuna wa kumzuia.

"Jumatatu utakuja na mzazi, na adhabu yako utaipata," Mwalimu Elina alisema. "Nisingependa ufikiri kwamba kulia kwa watu kumeifuta."

"Ndiyo, mwalimu."

"Una lolote la kujitetea?"

"Hapana, mwalimu. Siku zote nikisema uongo wa namna hii, hakuna anayeumia. Nakimbia, namaliza, basi."

"Siku zote umekuwa na bahati, ukaita bahati hiyo akili," Mwalimu Elina alisema. "Sasa sikiliza. Ulipoona aibu ya kuchekwa na bibi yako, ulitaka aibu hiyo isikufike, ukasema uongo. Aibu haikupotea. Ilikupita wewe, ikaenda kumwangukia mtoto asiyekujua, aliyetembea nchi mbili akitafuta mahali pa kusemea. Uongo ndivyo ulivyo. Anayeutuma hubaki salama, na anayelipia ni mwingine. Leo mtoto amerudi uwanjani kwa sababu ulisema ukweli ungali na nafasi ya kusema. Ungengoja hadi Jumatatu, wangekuwa wameshaondoka, na ukweli wako usingemfaa mtu."

Kija aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka juu ya viatu. Bibi Felisita alijikohoza.

"Na mimi nina langu," bibi alisema, macho akiyaelekeza kwingine. "Mtoto akijaribu kusema lugha ya kwao, hachekwi. Hilo nimelisikia, mwalimu. Msilirudie tena."